Kufundisha Uandishi wa Tovuti za Ushirikiano Zinazowafaa Watu Wenye Ulemavu

Utangulizi

Mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi huelezwa mapema namna ya kutumia ubao. Aandike herufi kubwa zinazosomeka kutoka dawati la nyuma. Asisimame mbele ya maandishi yake. Na kila anachokiandika akitamke kwa sauti. Kanuni hizi ni ndogo, lakini ndizo zinazomwezesha mtoto mwenye ualbino au uoni hafifu kufuata somo pamoja na wenzake. Mwalimu anayezipuuza hamfukuzi mtoto huyo darasani, bali humwacha akae humo bila kujifunza.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba maandishi ya kwenye intaneti nayo yana kanuni za namna hiyo, na kwamba kanuni hizo zaweza kufundishwa katika shule za msingi, hata zile zisizo na kompyuta. Tutashughulika hasa na tovuti za ushirikiano, yaani zile ambazo kurasa zake huandikwa na kusahihishwa na watu wengi. Tovuti ya kwanza ya aina hii ilifunguliwa na Mmarekani Ward Cunningham mwaka 1995, naye akaiita kwa neno la Kihawaii, wiki, lenye maana ya haraka. Inayojulikana zaidi leo ni Wikipedia, iliyoanzishwa Januari 2001. Toleo lake la Kiswahili, kamusi elezo huru, lilianza mwaka 2003. Mifano yetu mingi itatoka huko, kwa kuwa mwalimu yeyote mwenye simu janja aweza kuifikia na kuihariri bila malipo ya uanachama.

Kwa nini jambo hili limhusu mwalimu?

Tovuti ya kawaida hujengwa na mafundi wachache. Ikiwa haimfai asiyeona, mafundi hao ndio wa kuulizwa. Tovuti ya ushirikiano haiko hivyo. Mafundi huweka msingi na kuta, lakini vyumba hujengwa na kila apitaye. Mmoja akiandika makala yenye mpangilio mzuri, na wa pili akaongeza picha isiyo na maelezo, na wa tatu akaweka jedwali lisilo na vichwa, ukurasa uliokuwa wazi utakuwa umefungwa, wala hapatakuwa na fundi wa kulaumiwa. Kwa hiyo, katika tovuti hizi, kufikika kwa ukurasa ni tabia ya uandishi, na tabia ya uandishi hujengwa shuleni, pale pale zinapofundishwa nukta, mkato na aya.

Jambo la pili ni kwamba mtu mwenye ulemavu si msomaji tu wa kurasa hizi. Yeye pia ana haki ya kuandika. Mtoto asiyeona akiweza kusoma habari za kijiji chake lakini asiweze kusahihisha kosa analolijua, yeye ni mgeni katika nyumba ambayo wenzake ni wenyeji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unataja intaneti waziwazi katika kifungu chake cha 9. Kenya iliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Mwaka uliofuata Tanzania ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Basi hili si suala la huruma, bali ni la haki.

Ni nani huzuiliwa, na huzuiliwaje?

Kabla ya kufundisha kanuni, yatupasa tujue watu hutumiaje kurasa hizi.

(a) Wasioona. Hawa hutumia programu ya kusoma skrini, ambayo hugeuza maandishi kuwa sauti au kuyapeleka katika kifaa cha nukta nundu. Programu mojawapo ni NVDA, inayotolewa bure. Ilianzishwa mwaka 2006 nchini Australia na Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh. Wote wawili hawaoni. Sauti iliyomo ndani yake inaweza kusoma Kiswahili. Simu nyingi za Android nazo zina programu ya namna hiyo iitwayo TalkBack.

(b) Wenye uoni hafifu. Hawa hukuza herufi, na huhitaji tofauti ya wazi kati ya rangi ya maandishi na rangi ya usuli. Wanafunzi wengi wenye ualbino wamo katika kundi hili.

(c) Viziwi. Hawa hawafaidiki na sauti ya video isiyo na maandishi. Aidha, kwa wengi wao lugha ya kwanza ni lugha ya alama, na Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili. Sentensi ndefu zilizofungamana huwachosha.

(d) Wenye ulemavu wa mikono. Wengine hawawezi kushika kipanya, hutumia kibodi peke yake, na huandika polepole.

Mwaka 1999 shirika linalosimamia kanuni za wavuti duniani, W3C, lilitoa mwongozo wa kwanza wa kuwasaidia watu wote hao, ujulikanao kwa kifupi WCAG. Ulitolewa tena mwaka 2008, ukaongezwa mwaka 2018 na mwaka 2023. Tangu toleo la mwaka 2008 mwongozo huo umesimama juu ya nguzo nne: maudhui yaweze kutambuliwa kwa milango ya fahamu aliyo nayo mtu, yaweze kutumiwa kwa vifaa alivyo navyo, yaeleweke, na yawe imara kiasi cha kusomwa na programu mbalimbali. Mwanachuo akizishika nguzo hizi nne, hatahitaji kukariri mwongozo mzima.

Mambo saba ya kufundisha

1. Vichwa vya habari. Msomaji anayeona hupitisha macho ukurasani, akaona maandishi makubwa, akajua sehemu anayoitaka. Asiyeona hufanya vivyo hivyo kwa kibodi: akitumia NVDA, kila abonyezapo herufi H hurukia kichwa kinachofuata. Lakini programu haitambui kichwa kwa ukubwa wa herufi. Hukitambua kwa alama yake. Katika Wikipedia, kichwa cha sehemu huwekwa kati ya alama mbili mbili za sawasawa, hivi: ==Historia==. Kichwa kidogo kilicho chini yake huwekwa kati ya alama tatu tatu. Mwandishi wa makala ya Bagamoyo akiandika neno Historia kwa wino mzito tu, macho yatadanganyika kwamba ni kichwa, bali programu italisoma kama neno lolote, na msomaji atalazimika kusikiliza makala yote ili afike anapopataka. Kadhalika, ngazi zisirukwe: baada ya alama mbili ije tatu, si nne.

2. Maelezo ya picha. Picha huwa na maandishi ya namna mbili. Maandishi yaliyo chini ya picha husomwa na watu wote. Maelezo mbadala hayaonekani ukurasani. Husomwa na programu kwa ajili ya asiyeiona picha. Katika Wikipedia huandikwa ndani ya mabano ya picha baada ya neno alt na alama ya sawasawa. Yasipokuwapo, huenda msomaji akasikia jina la faili tu, mfululizo wa herufi na tarakimu usio na maana.

Maandishi haya mawili yasirudiane. Tuchukue picha ya Mlima Kilimanjaro. Chini yake twaweza kuandika: Mlima Kilimanjaro, kimo mita 5,895. Maelezo mbadala yawe: Kilele kipana chenye theluji kikiwa juu ya mawingu, na uwanda wa nyasi mbele yake. Tena maelezo hutegemea makusudi ya makala. Picha ya mchumaji karafuu wa Pemba ikiwa katika makala ya karafuu, tutasema: Shada la karafuu mbichi, vichwa vikiwa bado havijafunuka, mkononi mwa mchumaji. Picha hiyo hiyo ikiwa katika makala ya mavazi, tutaeleza alivyovaa mchumaji. Hapa mwalimu wa Kiswahili ana utajiri mkubwa, kwa sababu hili ni zoezi la ufupisho na uteuzi wa maneno lililo bora kuliko mengi yaliyomo vitabuni.

3. Viungo. Programu za kusoma skrini zaweza kukusanya viungo vyote vya ukurasa katika orodha moja. Basi afikirie mwanachuo orodha ya viungo kumi, kila kimoja kikisema "bofya hapa". Badala ya kuandika "Kwa habari za Vita vya Majimaji bofya hapa", aandike "Soma habari za Vita vya Majimaji", na kiungo kiwe juu ya maneno yanayotaja jambo lenyewe.

4. Orodha. Katika wiki, kila kipengele cha orodha huanza na alama ya nyota. Waandishi wengi huacha mstari mtupu kati ya kipengele na kipengele ili ukurasa upendeze. Kwa macho hakuna dhara kubwa. Lakini mstari ule mtupu huikata orodha. Orodha moja ya vipengele vitano hugeuka kuwa orodha tano za kipengele kimoja kimoja, na programu humtangazia msomaji mwanzo na mwisho wa kila moja. Kosa hili huonekana sana katika kurasa za majadiliano, ambako kila mtu huongeza jibu lake kwa mtindo wake.

5. Majedwali. Jedwali litumike kwa takwimu, si kwa kupanga picha ukurasani. Vichwa vya safu viwekewe alama ya kichwa. Katika Wikipedia alama hiyo ni ya mshangao mwanzoni mwa kisanduku. Katika jedwali la milima lenye alama hiyo, msomaji akifika kwenye safu ya kimo cha Mlima Kenya atasikia: Kimo kwa mita, 5,199. Pasipo alama atasikia 5,199 tu, na asijue kama ni kimo, au idadi ya wapandaji, au kitu kingine.

6. Rangi. Rangi isibebe habari peke yake. Ramani ikisema kwamba mikoa ya kijani hupata mvua za vuli na masika, na mikoa myekundu hupata msimu mmoja wa mvua, mtu asiyetofautisha nyekundu na kijani haambiwi kitu. Itiwe michoro au herufi juu ya rangi, au mikoa itajwe kwa majina katika maandishi. Mwongozo wa WCAG unataka pia tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake isipungue uwiano wa 4.5 kwa 1. Mwanafunzi wa shule ya msingi hahitaji kupiga hesabu hiyo. Yatosha ajue kwamba njano juu ya nyeupe, au kijivu juu ya kijivu, haifai.

7. Adabu ya kushirikiana. Jambo hili husahauliwa mara nyingi. Watu wawili wakihariri sehemu moja kwa wakati mmoja, wa kwanza kuhifadhi kazi yake hupita; wa pili huambiwa kuna mgongano, na lazima aunganishe maandishi yake na ya mwenzake. Nani atakuwa wa pili mara nyingi? Ni yule anayeandika polepole kwa kidole kimoja, au anayesikiliza kila neno kabla ya kulihifadhi. Kwa hiyo wanafunzi wazoezwe kuhariri sehemu moja ya makala badala ya ukurasa mzima, na kuiacha sehemu ambayo mwenzao ametangaza kwamba anaishughulikia.

Yapo mambo ambayo mwandishi wa kawaida hawezi kuyarekebisha. Kwa miaka mingi, aliyetaka kujiandikisha katika Wikipedia alitakiwa kusoma herufi zilizopindwa ndani ya picha ili athibitishe kwamba yeye si mashine, na hapakuwa na njia ya kuzisikia. Asiyeona alisimamishwa mlangoni, hata kama kurasa za ndani zilikuwa zimeandikwa vizuri. Mambo ya namna hii ni ya mafundi, lakini mwalimu aweza kuyaripoti katika kurasa za majadiliano, na wanafunzi waone kwamba kuripoti nako ni kuchangia.

Mfano wa somo

Somo: Kiswahili. Darasa: la VI. Mada: Kumweleza mtu picha asiyoiona. Muda: dakika 80, yaani vipindi viwili mfululizo.

Shabaha: Mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kuandika maelezo mbadala ya picha kwa sentensi moja au mbili, akizingatia makusudi ya makala.

Zana: Picha nne kubwa kutoka kalenda au magazeti, karatasi, kalamu za rangi mbili, gundi. Simu ya mwalimu itasaidia, lakini si lazima.

Hatua ya kwanza (dakika 10). Mwalimu ashike picha bila kuwaonyesha wanafunzi, aseme: "Hii ni picha ya soko." Kisha awaulize wanajua nini kuhusu picha hiyo. Watagundua kwamba hawajui lolote. Awaruhusu wamwulize maswali, naye ayaandike ubaoni huku akiyasoma kwa sauti.

Hatua ya pili (dakika 20). Kutokana na maswali hayo mwalimu awaongoze wafikie maswali matatu ya msingi: Picha inaonyesha nani au nini? Kinatendeka nini? Imewekwa hapa kwa sababu gani? Watunge pamoja maelezo ya picha ile, kisha wafute kila neno lisilojibu mojawapo ya maswali hayo.

Hatua ya tatu (dakika 30). Darasa ligawanywe katika vikundi vinne. Kila kikundi kipewe picha moja na kuambiwa ni ya makala gani. Kiandike maelezo, kisha kikisomee kikundi kingine kilichofichwa picha. Wasikilizaji waseme walichokielewa na walichokikosa. Ikiwa darasani yumo mwanafunzi asiyeona, kikundi chake kisimfanye msikilizaji wa kudumu. Naye achukue zamu ya kutunga, akiwauliza wenzake maswali na kuamua maneno yatakayobaki.

Hatua ya nne (dakika 20). Picha na maelezo vibandikwe katika gazeti la ukutani. Kila mwanafunzi ana ruhusa ya kusahihisha maelezo ya kikundi kingine kwa wino wa rangi nyingine, akiandika jina lake na tarehe, bila kufuta maandishi ya kwanza; na kila sahihisho lisomwe kwa sauti. Hivyo watajifunza jinsi tovuti ya ushirikiano inavyofanya kazi: masahihisho ni ya wote, na historia ya kila badiliko hubaki. Mwalimu mwenye simu aandike maelezo bora ndani yake, awashe TalkBack, na darasa lisikilize.

Upimaji: Mwalimu atoe picha ya tano, kila mwanafunzi aiandikie maelezo peke yake. Wasioona wapewe maelezo marefu ya picha yaliyosomwa kwa sauti, wayafupishe kwa nukta nundu.

Katika vipindi vya baadaye gazeti hilo hilo laweza kutumika kufundisha vichwa, orodha na majedwali. Kikundi kimoja kiandike ukurasa, kingine kiusome kwa sauti neno kwa neno kama programu inavyosoma, pasipo kuongeza ishara wala lafudhi. Mahali wasikilizaji wanapopotea ndipo panapohitaji kurekebishwa.

Tahadhari

Kwanza, tusiwafunge wanafunzi vitambaa machoni ili "wawe vipofu" kwa dakika tano. Anayefungwa ghafla hujifunza hofu tu, na hutoka akidhani kwamba asiyeona huishi katika hofu hiyo siku zote. Sisi twaujaribu ukurasa, hatuuigi ulemavu.

Pili, tusimgeuze mwanafunzi mwenye ulemavu kuwa chombo cha kupimia kazi za wengine. Maoni yake yana uzito mkubwa, na aombwe kwa heshima kama mhariri, lakini yeye naye amekuja kujifunza.

Tatu, tusingoje ukamilifu. Mwanachuo aweza kuanza leo kwa kutafuta makala moja ya Kiswahili ihusuyo wilaya yake, akaongeza maelezo mbadala ya picha moja, akageuza wino mzito kuwa kichwa cha kweli, akaondoa mstari mtupu katika orodha. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na hubaki.

Hitimisho

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tovuti za ushirikiano zimejengwa juu ya hekima hiyo. Lakini hekima hiyo hupungua ikiwa vidole vingine vimezuiwa visifike. Mwalimu wa shule ya msingi ndiye wa kwanza kumfundisha mtoto kwamba anapoandika kuna mtu atakayesoma. Sasa hapana budi amfundishe pia kwamba msomaji huyo huenda anasikiliza, au anapapasa nukta nundu, au anakuza herufi moja moja, na kwamba kesho yake msomaji huyo atataka kuandika pia.

Maswali ya majadiliano na mazoezi

1. Kwa nini kufikika kwa tovuti ya ushirikiano hakuwezi kuachiwa mafundi peke yao?

2. Chagua picha moja kutoka kitabu cha kiada cha Jiografia. Iandikie maelezo mbadala mawili: moja kwa makala ya kilimo, jingine kwa makala ya hali ya hewa. Eleza umebadilisha nini na kwa sababu gani.

3. Fungua makala moja ya Wikipedia ya Kiswahili. Orodhesha makosa yote unayoyaona kati ya mambo saba tuliyoyataja, kisha urekebishe angalau moja.

4. Andaa somo la dakika 40 la kufundisha vichwa vya habari katika darasa la V lisilo na kompyuta, lenye mwanafunzi mmoja kiziwi na mmoja mwenye uoni hafifu.

5. Mwalimu mwenzako anasema: "Shuleni kwetu hakuna mtoto asiyeona, hivyo somo hili halituhusu." Jadili.